Tairi la Kashata kwa Lami na Vumbi la Mwanza: Lipi Lianze, Lipi Liachwe

Angalia baiskeli zinazopita Kenyatta Road kuelekea Buhongwa. Nyingi zimefungwa tairi za kashata, yaani yale meno ya mpira yanayoshika ardhi, nene kama za trekta, na wenyewe karibu siku nzima wako juu ya lami. Dukani, kukiwa na tairi la kutisha na la kawaida kwa bei moja, mtu huchukua la kutisha. Halafu anashangaa kwa nini mlima wa Bugando unamtoa roho.

Kabla ya kashata, soma namba ubavuni mwa tairi lako la sasa. Ya kuamini ni ile ya milimita, yaani kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa: 559 ni inchi 26 ya baiskeli nyingi za gia za mtumba, 584 ni 27.5, 622 ni 29 (na ndiyo hiyo hiyo 700C), na 635 ni inchi 28 ya zile ndefu za Phoenix. Mtego mkubwa uko kwenye 26. Tairi la 26 x 1⅜ lina milimita 590, la 26 x 1.95 lina 559, na hayaingiliani hata kidogo. Fundi akisema “tutalilazimisha”, chukua baiskeli yako uondoke. Kwa upana, inchi 1.95 hadi 2.1 inatosha. Hakikisha tu kila upande unabaki na nafasi ya milimita 6 hivi kati ya tairi na fremu, la sivyo tope la kwanza litakusimamisha.

1. Mgongo katikati, kashata pembeni. Hili ndilo la kununua kama unatoka mjini kwa lami kisha unakata kwenda vijijini. Upepo ukijaa, tairi linatembea juu ya ule mgongo uliofungana, halina kelele wala halikuli nguvu. Ukiingia kwenye vumbi, unapunguza upepo na kashata za pembeni zinashika, hasa kwenye kona. Schwalbe Land Cruiser na Smart Sam ni za namna hii, ila zipo za bei nafuu zenye mchoro kama huo, na kwa safari za kawaida zinafaa. Udhaifu wake ni kupanda mlima wenye tope: gurudumu la nyuma huteleza.

2. Kashata fupi zilizosongamana. Kenda Small Block Eight ni mfano mzuri. Kwenye changarawe na udongo mkavu uliogongwa ni tamu, pengine kuliko la kwanza. Nimelishusha hadi nafasi ya pili kwa sababu ya mbuga, ule udongo mweusi wa mabondeni. Masika ukifika, unajaza nafasi zote kati ya kashata, na unabaki unaendesha donge.

3. Kashata ndefu zilizoachana. Hizi hutema tope zenyewe, kwa hiyo mtu wa mashambani Magu au Sengerema anazihitaji kweli. Kwenye lami zinaunguruma, zinakwisha upesi, na kona yenye maji zinayumba. Ila ushauri wangu ni huu: nunua moja, ulifunge mbele, na nyuma weka lile la mgongo. Gurudumu la mbele likiteleza unaanguka. La nyuma likiteleza, mara nyingi unaliwahi.

4. Laini lenye mifereji. La mjini. Lakini usilidharau kwenye mchanga mzito wa ufukweni: pale upana na upepo mdogo vinasaidia kuliko kashata, na tairi laini la 2.0 litapita ambapo la kashata jembamba linazama.

5. La mtumba lililopasuka pasuka. Mpira huzeeka hata bila kutumika. Likunje ubavu kwa vidole gumba, ukiona nyufa au nyuzi, liache hapo hapo.

Kuhusu miiba, kashata si kinga. Mbigiri huingia katikati yake na kufika kwenye tyubu bila taabu. Uliza tairi lenye tabaka la kinga chini ya kashata. Ukikosa, mafundi hukata tyubu kuukuu na kuilaza ndani ya tairi. Inaongeza uzito, lakini inapunguza pancha.

Upepo nao: usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni. Kwa mtu wa kilo 70 hivi na tairi la 1.95, anza na PSI (kipimo cha upepo kwenye geji ya pampu) 45 au 50 kwenye lami, na 30 hadi 35 kwenye mchanga. Ukishuka zaidi ya hapo kwenye mawe ya Mabatini au Igogo, tyubu itabanwa kati ya jiwe na ringi na kutoboka matundu mawili kwa mpigo.

La nyuma huisha kwanza. Likiwa kipara na la mbele bado zima, lihamishe la mbele liende nyuma, jipya lifungwe mbele. Ukilifunga, fuata mshale wa kuzunguka kama upo, maana hapo hata mafundi wazuri hupitiwa.