Fensi ya farasi pwani: utepe wa umeme baada ya kusi mbili

Nina farasi wawili, Asumini na Baharia, na kipande cha shamba upande wa Mayungu, kusini mwa Malindi, dakika 10 kwa miguu hadi ufukweni. Jioni maji yakitoka tunapandisha wageni mchangani. Hiyo ndiyo kazi rahisi. Ngumu ni kuwalaza usiku mahali ambapo asubuhi utawakuta, tena wazima.

Fensi ya kwanza niliikuta shambani: seng'enge nyuzi nne kwenye vigingi vya mvinje. Mwenyewe wa zamani alifuga ng'ombe, na kwa ng'ombe ilimtosha. Ng'ombe akichomwa na mwiba hurudi nyuma. Farasi akishtuka hutimua mbio kwanza, na waya mwembamba gizani hauoni. Usiku mmoja wa masika kuti kavu lilianguka juu ya bati la banda. Nilisikia kishindo kimoja, halafu kwato, halafu kimya. Nilimkuta Baharia amesimama tuli, waya umemzunguka mguu wa mbele chini ya goti, miiba imezama. Kama angevuta mara moja zaidi nadhani ningempoteza. Pale chini ya goti farasi hana nyama. Ni ngozi, kano na mfupa. Kidonda cha hapo huota nyama ya ziada inayoizuia ngozi isifunge, na daktari wa mifugo alilazimika kuikata mara mbili. Nilifunga na kufungua bandeji miezi mitatu. Seng'enge yote niliing'oa wiki ileile, nikalala na tochi mlangoni hadi nilipopata kitu kingine.

Kitu kingine kilikuwa cheni-linki, ule wavu wa waya. Duka moja Mombasa liliniapia kwamba imepakwa zinki nzito. Haukupita mwaka, ikawa na rangi ya chai. Chumvi ya bahari haina huruma, na wakati wa kusi inaruka hewani hadi unaionja midomoni. Lakini kutu halikuwa tatizo langu kubwa. Asumini ana tabia ya kuparapara akisubiri chakula. Alizoea kuingiza ukwato kwenye matundu ya chini, akapanua mawili matatu, siku moja ukwato ukaingia na kukataa kutoka. Nashukuru ni mtulivu kuliko mwenzake. Ukitaka wavu, tafuta wa matundu madogo ambayo ukwato haupiti, na juu yake uweke mti au ubao ili farasi aone mwisho wa fensi uko wapi.

Ndipo nikahamia kwenye utepe wa umeme, ambao sasa umeona kusi mbili. Ni utepe mweupe wa milimita 40, umefumwa kwa nyuzi za plastiki zenye nyaya nyembamba za stenlesi ndani. Niliufunga safu tatu, ya juu mita 1.4 kutoka ardhini, nguzo kila baada ya mita 4, na mashine ya sola yenye betri ya volti 12. Vyote kwa jumla vilinila kama bei ya mbuzi wanne, mbali na nguzo.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba unaonekana. Hata usiku wa giza ule weupe unauona kutoka bandani. Ya pili, farasi akiingia kwa nguvu utepe hukatika au hunyooka, haumkati mguu. Siku ya kwanza Baharia aliunusa, akapigwa puani, akaruka, akaenda kusimama katikati ya shamba na kunitazama kama nimemtukana. Tangu siku hiyo hajausogelea.

Sasa kasoro, na hapa ndipo wauzaji hawasemi kitu. Mwezi wa Januari, kaskazi imekausha kila kitu, kipimo cha volti kilishuka kutoka 6,000 hadi chini ya 2,000, na Asumini akaanza kuegemea utepe kujikuna shingo. Nilidhani mashine imekufa. Fundi aliyekuja alichota mchanga mkononi, akaumwaga. "Huu mkavu, bosi. Umeme unarudi nyumbani na nini?" Alikuwa sawa. Umeme unampitia farasi, unashuka kwato, unarudi kwenye mashine kupitia udongo, na mchanga mkavu haupitishi. Nilikuwa na chuma kimoja tu cha ardhini, kile kinachoupokea umeme kutoka kwenye udongo na kuurudisha kwenye mashine. Tukapiga vitatu vya mita 2, vikiachana mita 3, kando ya hodhi ya maji mahali panapolowa kila siku farasi wakinywa. Volti zikarudi jioni ileile. Viungo vyote vya pale viwe vya madini ya aina moja. Ukiunganisha shaba na chuma cha zinki kwa hewa hii, ndani ya miezi unakuta zinki imeliwa, imebaki unga mweupe.

Upepo nao. Utepe ulionyooka hupepesuka kutwa nzima, na nyaya za ndani hukatika penye vishikizo vinavyoushika nguzoni bila wewe kuona. Dawa ni kuusokota mara moja kati ya nguzo na nguzo, upepo upite. Hilo nililijua baada ya kubadilisha karibu mita 50. Vishikizo vyenyewe navipangusa kwa maji matamu kila wiki mbili wakati wa kusi, kwa sababu ukoko wa chumvi huvujisha umeme. Ukisimama karibu unausikia: tik, tik, tik.

Binamu yangu wa Lamu hunicheka. Kule punda wakimaliza kazi huachiwa vichochoroni, na alfajiri wanajua mlango wa mwenyewe. Namwambia amlete punda wake hapa barabara ya Watamu, penye matatu, tuone.

Kuhusu nguzo, mvinje ni rahisi kupata lakini mchwa wanaupenda. Boriti za mkoko hudumu, ila hakikisha muuzaji ana kibali cha idara ya misitu. Mimi nachanganya na mwarobaini, ambao pia hauliki kirahisi kwa ule uchungu wake. Oili chafu paka sehemu inayozama ardhini tu, farasi hulamba. Na kabla ya kusimamisha nguzo yoyote, angalia jirani amepanda nini. Mmoja wangu wa upande wa bahari alikuwa na oleanda zinazochanua vizuri, majani yake ni sumu inayoua farasi, na zilifikika kwa shingo. Nimeurudisha uzio ndani mita 3 upande ule.

Utepe naupa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano ni ya kona. Nilizifunga kwa pembe kali, na Baharia akigombana na Asumini humbana pale hadi mwenzake anakosa pa kutokea. Fundi anakuja Jumamosi tuzifanye za mviringo.