Buti za S3 kwa mguu wa namba 38: nilichopata Gerezani

Navaa namba 38 na kazi yangu ni kufunga nondo hapa Dar. Kwa wanaume kununua buti ya kazi ni suala la hela tu. Kwangu shida inaanza kabla hatujafika kwenye bei, maana maduka mengi ya vifaa vya usalama pale Gerezani yanaanzia 40. Ukiuliza 38 unajibiwa, "Dada yangu, chukua hiyohiyo 40, vaa soksi mbili." Huo ni ushauri wa mtu anayeshinda kwenye stuli. Buti kubwa inacheza kisiginoni, inakutoa malengelenge, na inajikunja mahali ambapo mguu haujikunji. Panda nayo ngazi ya mirunda uone, ni kama umevaa ndoo.

Pea ninayoisifia leo niliipata kwenye duka la ndani ndani, kwa shilingi 85,000. Muuzaji alianzia 110,000, tukabishana kidogo. Ngozi nyeusi, inapanda juu ya kifundo, imeandikwa S3, yaani daraja lake la kinga. Jina la kampuni siliweki hapa makusudi. Nembo yoyote inaweza kupigwa chapa kwenye kiatu chochote, na nimeona watu wakilipia nembo halafu soli ikabaki kwenye zege. Mimi nafunua ulimi wa kiatu nasoma kilichoandikwa ndani.

Pale panatakiwa pawe na EN ISO 20345, yaani kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, halafu daraja. SB ni kofia ya vidole tu, ile ngumu ya mbele, mara nyingi ya chuma. S1P inaongeza bamba la kuzuia msumari chini ya unyayo. S3 ina hivyo vyote, ngozi yake inachelewesha maji kuingia, na soli ina meno. Saiti yenye mbao za zege zilizobomolewa, misumari inatazama juu, usinunue kitu kisicho na bamba hata ukipunguziwa nusu bei. Kofia ya mbele inapimwa kwa pigo la jouli 200, yaani kama uzito wa kilo 20 ukidondoka kutoka kimo cha mita 1 hivi. Nondo moja ya milimita 16, ile ndefu ya mita 12, ina kilo karibu 19. Kwa hiyo kipimo hicho kwetu si hadithi ya maabara, ni kile tunachobeba begani kila asubuhi.

Kitu cha pili, na hapa naomba mnisikilize vizuri, ni tarehe ya kutengenezwa. Iko kwenye ulimi au chini ya soli, mwezi na mwaka. Soli nyingi za buti hizi ni za poliyurethani, ni nyepesi na laini, lakini unyevunyevu wa hewa unaivunja polepole hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu, buti iliyokaa stoo miaka mingi inaweza kung'aa juu huku chini imeshaoza. Unaivaa kidogo tu, soli inameguka vipande. Watu husema ni gundi mbaya. Wakati mwingine gundi haina kosa. Dukani ibonyeze soli kwa ukucha, ikunje kwa nguvu, chungulia mikunjo. Ukiona nyufa ndogondogo au unga, irudishe kwenye rafu. Yangu ilikuwa ya mwaka huohuo niliponunua, na soli ya nje ni mpira, katikati ndiyo poliyurethani. Mpira ni mzito kidogo ila haufi haraka, na fundi wa kuchomelea atakwambia unavumilia joto vizuri zaidi.

Raha ya kuvaa? Siku za mwanzo ni ngumu juu ya kidole gumba, kofia inagusa ukipiga magoti. Ilipolainika nikasahau kama nimevaa chuma. Kisigino kimeshikwa vizuri na sehemu ya vidole ni pana. Hicho ndicho cha kupima: ukisimama vidole vichezeke, na ukitembea kuteremka visigonge mbele. Chuma hakitanuki kama ngozi, kwa hiyo usidanganywe kwamba "itaachia."

Kasoro zipo. Soli ya ndani ni karatasi tupu, nimeitupa nikaweka nyingine nene ya mitumba kutoka Karume. Vishikizo vya kamba vimeanza kutu. Na siku ya zege miguu inachemka, maana ngozi nene haipumui.

Zege lenyewe ndilo adui mkubwa kuliko nondo. Saruji mbichi inaunguza ngozi ya mtu, na ya kiatu inaikausha mpaka inapasuka na uzi kukatika. Nikimaliza kazi nazisuuza kwa maji, nazijaza magazeti, nazianika kivulini, zikikauka napaka mafuta ya mgando. Kuanika juani juu ya bati ni kuzikaanga.

Mafundi umeme, msichanganye mambo: S3 si ya kuzuia shoti. Yenu ni nyingine.

Sheria yetu ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Sisi wa kulipwa kwa siku tunajua inavyokwenda, unaambiwa njoo na buti zako. Basi ukilazimika kununua, nenda jioni mguu ukiwa umeshavimba na kazi, na uende na soksi unazovaa saiti. Muuzaji wangu huwa na 37 hadi 39 lakini haziweki mbele. Muulize azitoe chini ya meza.