Shule za msingi za umma Kisauni na Nyali, Mombasa: lango moja, wenyewe watatu

Mzazi anayehamia Bamburi, Mtopanga au Kongowea na kutafuta shule ya serikali ajue kwanza anashughulika na nani. Chekechea, yaani PP1 na PP2, ni ya serikali ya kaunti. Ndivyo Katiba ya 2010 ilivyogawa kazi. Gredi ya 1 hadi ya 9 ni ya Wizara ya Elimu, inayoleta pesa na vitabu. Walimu wa gredi hizo ni wa TSC, yaani Tume ya Huduma kwa Walimu, ndiyo inayowaajiri, kuwahamisha na kuwaadhibu. Mwalimu mkuu amekaa katikati, na lawama zote humwangukia yeye.

Zamani haikuwa hivi. Baraza la mji wa Mombasa ndilo lililokuwa likiendesha shule za msingi, hata baada ya mabaraza ya kaunti kunyang'anywa kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960. Na kabla ya baraza kulikuwa na wamishonari: pale Frere Town, shirika la kimishonari la Kianglikana, CMS, liliwafundisha watumwa waliokombolewa tangu miaka ya 1870, kabla Waingereza hawajatangaza himaya yao mwaka 1895. Ndiyo maana hadi leo shule nyingi zina mfadhili wa kidini, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili viti vitatu katika bodi ya shule. Wazazi wana sita. Wengi hawajui hata ni akina nani wanaowakalia viti hivyo, na hapo wamejikosesha wenyewe. Nyali nayo ilikuwa ndani ya jimbo la Kisauni hadi uchaguzi wa 2013, kwa hivyo usishtuke ukikuta barua ya zamani ya shule ya Nyali imeandikwa Kisauni.

Kuandikisha mtoto wa Gredi ya 1 ni kwepesi, na hapa huduma inastahili sifa. Nenda na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na kitambulisho chako. Akipewa mtihani, ni wa kujua kiwango chake tu. Hauwezi kutumiwa kumfungia mlango.

Penye shida ni uhamisho. Barua kutoka shule ya zamani haitoshi. Katika mfumo wa wizara, NEMIS, ambao sasa KEMIS inashika nafasi yake, shule ya zamani lazima imwachilie mtoto ndipo ya mpya impokee. Asipoachiliwa, mtoto anasoma Bamburi huku pesa zake za serikali zinaingia shule ya zamani, tuseme Likoni, na wakati wa kusajili mtihani wa Gredi ya 6 au ya 9 jina lake halionekani. Usiondoke shule ya zamani kabla ya kuonyeshwa kwenye skrini kwamba ameachiliwa, na uinakili UPI, ile nambari yake ya mwanafunzi katika mfumo, maana haibadiliki popote aendapo.

Jengine ni majina. Cheti kinasema Mohamed, daftari la shule linasema Muhammad, kadi ya kliniki inasema Mohd. Mfumo unafuata cheti. Kinachotakiwa pia ni nambari ya ingizo (Entry No.) iliyo kwenye kisanduku cha cheti hicho, si ile nambari ya karatasi yenyewe. Ukiwapa hii ya pili, usajili unakataliwa na utaambiwa tu "mtandao uko chini". Mtoto asiye na cheti, na ameshapita miezi sita tangu azaliwe, huandikishwa kama aliyechelewa. Anza mapema, wala usingoje muhula wa mtihani.

Sasa pesa. Elimu ya msingi ni bure tangu Januari 2003, na kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Hugawanywa asilimia 50, 30 na 20, maana yake muhula wa kwanza shule inapata 710, wa pili 426, wa tatu 284. Humo mna chaki, maji, stima na mlinzi. Zikichelewa, na huchelewa, ndipo wazazi wanapoitwa kikao cha kuchangia "motisha" ya walimu na madawati. Sheria iko wazi: hakuna karo, michango mingine yataka idhini ya waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, mtoto hafukuzwi kwa kutolipa, na hakuna mchango bila risiti. Dai risiti. Mkusanyaji asiyekuwa nayo mara nyingi hupunguza sauti papo hapo.

Vitabu tangu 2018 hupelekwa moja kwa moja shuleni na wachapishaji, na hilo limeziba mianya mingi. Hesabu tu vimefika vingapi kwa darasa.

Upande dhaifu kabisa ni Gredi ya 7 hadi ya 9, iliyoanza Januari 2023 ndani ya shule za msingi. Kiwango chake ni shilingi 15,042 kwa mtoto kwa mwaka, lakini hela hazijengi maabara kwa siku moja, na baadhi ya walimu waliingia kama vibarua wa mkataba. Kabla ya kuchagua shule, uliza nani anafundisha Sayansi Gredi ya 8 na majaribio hufanyiwa wapi. Ukijibiwa "tunapanga", tafuta nyingine. Hakuna mpaka wa mtaa unaokulazimisha kubaki hapo.

Malalamiko: mwalimu asiyeingia darasani, nenda TSC ya kaunti ndogo. Pesa au kukataliwa nafasi, nenda kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Chekechea, idara ya elimu ya kaunti. Peleka kwa maandishi, nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo.