Nimeuziwa Mughal-e-Azam isiyogeuka rangi

Jamani, kama mnaitafuta Mughal-e-Azam, ile filamu ya Kihindi ya zamani, nakala iliyotiwa rangi mwanzo mpaka mwisho msiichukue. Mimi nilirushiwa kwenye flashi juzijuzi, kibanda kimoja cha muvi hapa mtaani, na roho bado inaniuma.

Mama aliiona picha hii sinema akiwa msichana. Tangu tukiwa wadogo anatusimulia jambo moja tu: mmekaa gizani, kila kitu cheusi na cheupe, mpaka Anarkali, mcheza dansi wa kasri, anaposimama mbele ya mfalme Akbar kwenye ukumbi wa vioo. Hapo picha inageuka rangi, na sinema nzima inapiga kelele.

Basi nikamkalisha kwenye kochi, nikaongeza sauti. Wimbo wa "Pyar Kiya To Darna Kya" ukaanza. Madhubala, aliyeigiza Anarkali, anacheza, anamwambia mfalme kweupe kwamba amependa, aogope nini, na sura yake inazunguka kwenye vioo vya dari. Mama akanigeukia: "Rangi imeshaingia, au bado?"

Nikamwambia ilikuwemo tangu mwanzo, mama. Akanyamaza.

Kesho yake nikarudi kibandani. Yule kijana hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Dada, nyeusi na nyeupe nani anaangalia siku hizi? Shukuru umepata safi." Nishukuru! Ukumbi ule ulijengwa studio kule Bombay kwa miaka miwili, vioo vikaagizwa Ubelgiji. Taa zilipowashwa, vioo vikarudisha mwanga wote kwenye kamera, hadi mpiga picha R. D. Mathur akapata akili ya kuelekeza taa kwenye vitambaa kwanza. Tabu yote hiyo ili mtu ashtuke kwenye kiti chake. Ukishapaka kila kitu rangi, atashtuka nani?

Haya, haki niiseme. Mwongozaji K. Asif mwenyewe alipoona rangi imekubali, alitaka kuirudia picha nzima kwa rangi. Wasambazaji walishachoka kungoja, wakakataa, rangi ikabaki kwenye wimbo ule na sehemu ya mwisho. Kwa hiyo hii iliyotoka 2004 huenda ndiyo aliyoitamani. Na Anarkali alipotupwa gerezani nililia, rangi nikaisahau kabisa. Ile ni minyororo ya chuma kweli, amefungwa mwanamke ambaye moyo wake ulikuwa mgonjwa tayari. Madhubala alifariki 1969, ana miaka 36 tu. Kwa kipande kile peke yake ningesema nunueni.

Lakini hapana. Hata nyimbo wamezipunguza, na mama alikuwa anazingoja, anazianza yeye kabla hazijafika, halafu hazifiki.

Mwenye ile ya 1960, nyeusi na nyeupe mpaka kwenye vioo, tafadhali aniambie anaitoa wapi. Bei tutaelewana. Mama anarudi Tanga wiki ijayo.