Ngong au Longonot: wapi pa kuuona ufa, mpasuko wa ardhi uliounda Bonde la Ufa?
Kama una siku moja tu kutoka Nairobi, nenda milima ya Ngong. Ukipandia upande wa mashariki, mteremko ni wa taratibu. Ukifika kileleni, mita 2,460 hivi, mbele yako upande wa magharibi ardhi inakatika ghafla na kushuka ngazi kwa ngazi hadi bondeni. Milima hii ni masalia ya volkano ya kale iliyokatwa na nyufa, sehemu yake ikadidimia.

Mlima Longonot, volkano ya mita 2,776, ilijengwa na lava na majivu humo humo bondeni. Kreta yake, yaani shimo la kileleni, inapendeza mno, lakini inaonyesha moto zaidi kuliko ufa wenyewe. Na ufa haujalala: tetemeko la ardhi la Subukia, humu Kenya, la 1928, ukubwa wa karibu 7, lilipasua ardhi waziwazi.