TAHADHARI: Kapsuli za "mitishamba ya kumaliza kisukari" zinazouzwa WhatsApp

Ndugu zangu, hasa mlio na wazazi wenye sukari, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar na kapsuli za unga wa kahawia, kwenye kichupa cheupe cha plastiki. Anadai ni mlonge, uwatu na mdalasini, na kwamba zinamaliza kisukari, presha na kitambi ndani ya mwezi. Lebo haina namba ya usajili, haina tarehe ya kuisha muda, ina namba ya simu tu. Unalipa kwanza, bodaboda anakuletea.

Mama yangu mkubwa alizitumia, na akaacha metfomini, dawa yake ya kisukari ya hospitali, kama alivyoagizwa na huyo muuzaji. Mwanzoni mashine ya kupima sukari ilisoma vizuri, tukafurahi. Halafu alfajiri moja tukamkuta amelowa jasho chapachapa, anatetemeka, haeleweki anachosema. Mashine ikasoma 2.1, na chini ya 3.9 tayari ni hatari. Nilipompigia muuzaji akanijibu, "Hiyo ni sumu inatoka, mwongezee dozi." Kisha akaniblock.

Hospitalini, swali la kwanza la daktari lilikuwa kama anatumia dawa ya kienyeji. Uwatu unaweza kushusha sukari kidogo, lakini si kwa kishindo kile. Wapo wauzaji wanaosaga vidonge vya hospitali, hasa glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, na kuvichanganya humo. Singapore mwaka 2008 watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka vibaya, 4 wakafariki; dawa za nguvu za kiume zilizouzwa kimagendo zilipopimwa, zikakutwa na glibenklamaidi.

Sina ugomvi na tiba asili. Metfomini yenyewe chanzo chake ni mmea, Galega officinalis. Ila ile ina kipimo kinachojulikana, na aliyeitengeneza anajulikana. Huyu muuzaji anawaambia hata wanaochoma insulini waache! Mwenye kisukari aina ya kwanza akiiacha, siku chache tu zinatosha kumuua.

Kama mgonjwa wako anazo, mwahishe kwa daktari hata akionekana mzima, maana sukari inaweza kushuka tena baada ya kupanda. Akianza kutetemeka na bado anaweza kumeza, mpe soda yenye sukari. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, kimbiza hospitali. Kichupa msikitupe. Kipelekeni TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.