Rivyu: ofisi ya wakili tauni iliyokataa kazi yetu, na bado nawapa nyota nne

Sitataja jina la ofisi, wakili mwenyewe aliniomba nisitaje. Alisema matangazo ya mawakili yana sheria zake za 2014 na hataki mtu adhani ametuma mteja amsifu. Nimeheshimu hiyo. Iko tauni Nairobi, upande wa Kimathi Street, jengo la zamani, lifti hufanya kazi siku ikitaka, na pale resepshoni kuna dada mpole atakuuliza chai ama maji hata kabla hujakaa.

Mimi na mzee wangu (mume wangu) tulikuwa tunanunua ploti Kamulu, pesa ya sacco. Broka alituambia tusihangaike kutafuta loya, yeye ana wake "anashughulikia pande zote mbili, bei nafuu, mnamaliza haraka". Nikakataa, kwa sababu mtu mmoja akisimamia muuzaji na mnunuzi, siku mkikosana juu ya bikoni za mpaka ama pesa iliyobaki yeye atasimama na nani? Ndio tukaenda kwa huyu mama wakili.

Sasa hapa mnisikize vizuri. Hatukuwa hata tumeanza kueleza stori, akatupa karatasi moja tuandike majina yetu, jina la muuzaji kama lilivyo kwa kitambulisho, na namba ya title, ile hati ya shamba. Basi. Mzee wangu akianza kueleza akamzuia kwa mkono, "ngoja kwanza baba". Akaingia ofisi ya ndani, mlango ukabaki wazi kidogo, nikamwona anapitisha kidole kwa daftari kubwa la kava nyeusi, la majina ya wateja wake, huku karani wake anatafuta kwa kompyuta. Aliporudi hakukaa. Akasema, "Mama, samahani, hii kazi siwezi kuichukua. Kuna mtu nimewahi kumhudumia na mambo yake yanagongana na haya yenu. Siwezi kuwaambia ni nani wala ni nini." Hakutuchaji hata shilingi.

Mzee wangu alikasirika mpaka chini kwa stendi. Kama anajua kitu kuhusu hiyo ploti si aseme, ati tutoke hivyo hivyo tukaliwe pesa? Na kusema ukweli hilo swali ni la haki na ndilo limenifanya niandike. Kanuni za mawakili zinasema siri ya mteja ni siri, hata Sheria ya Ushahidi kifungu cha 134 kinamkataza wakili kutoa alichoambiwa na mteja wake bila ruhusa ya huyo mteja, isipokuwa mambo kama mteja akimtumia kufanya uhalifu. Kwa hivyo mimi niliyekaa mbele yake na akiba yangu yote, hizo kanuni siku hiyo hazikuwa zinanilinda mimi, zilikuwa zinamlinda mtu mwingine nisiyemjua. Inauma. Lakini nimeigeuza mara nyingi kichwani na bado naona alifanya sawa, kwa sababu kesho mimi ndio nitakuwa kwa hilo daftari, nimemweleza mambo ya urithi wa baba yangu ama ya ndoa yangu, halafu aje mtu kutoka huko aambiwe kwa sababu anahurumiwa? Nisingemweleza kitu. Na bila kumweleza kila kitu hawezi kukusaidia.

Kile alifanya, na hiki ndicho kilinipendeza, ni kutupa ushauri ambao alisema angempa mtu yeyote anayenunua shamba: fanyeni search wenyewe (kuangalia rekodi ya serikali ya hiyo ardhi), msilipe dipoziti kabla ya search, nendeni kwa ploti muongee na majirani, angalieni kama bibi ama bwana wa muuzaji amekubali, na loya yeyote mtakayepewa mwangalieni kwa tovuti ya LSK, chama cha mawakili Kenya, kama ana cheti cha mwaka huu. Hakutupendekezea rafiki yake. Mzee wangu akaingia Ardhisasa, ile tovuti ya serikali ya rekodi za ardhi, tukapata title imewekewa kizuizi. Hatukununua. Kama hicho ndicho wakili alikuwa anajua ama ni kitu kingine kabisa, sijui mpaka leo na sijamuuliza.

Na yule "loya" wa broka? Tulimtafuta kwa LSK, jina halipo. Hapo nikaelewa kitu kingine, hizi kanuni zote zinamshika tu mtu ambaye ni wakili kweli. 2023 si mnakumbuka LSK walimtoa hadharani mtu aliyekuwa anajiita wakili na si wakili? Mtu kama huyo huwezi kumpeleka kwa Mahakama ya Nidhamu ya mawakili akavuliwa kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, huyo ni wa polisi.

Baadaye tukapata ploti nyingine Ruai, muuzaji mwingine kabisa, tukarudi kwa huyo mama. Karatasi ile ile, daftari lile lile, safari hii akakaa. Bei yake haikuwa ya chini, na nikijaribu kubagein akanionyesha kwamba ada za kuhamisha ardhi ziko kwa sheria, ile oda ya malipo ya mawakili ya 2014, na kushuka chini ya hapo ni kosa. Pesa yetu iliingia akaunti ya wateja, si akaunti ya ofisi, na risiti imeandikwa hivyo. Kama hujui, wakili hafai kuchanganya pesa yako na ya kulipa kodi ya ofisi yake, na akila hiyo pesa Sheria ya Mawakili kifungu cha 80 kinaifanya jinai, si utovu wa nidhamu tu.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni andateking, yaani ahadi ya maandishi ambayo wakili anajifunga nayo. Tulikuwa kwa ule mtego wa kila siku, muuzaji hataki kutoa title bila pesa na sisi hatutaki kutoa pesa bila title. Huyu mama akaandika barua ya ukurasa mmoja kwa wakili wa muuzaji, akiahidi yeye binafsi kwamba title ikisajiliwa kwa jina letu atalipa salio ndani ya siku walizokubaliana. Barua tu! Na wakili wa upande ule akatoa document zote. Nikauliza wanaaminianaje hivyo, akaniambia wakili akivunja andateking anapelekwa kortini alipe yeye mwenyewe, na jina lake limeharibika kwa wenzake wote. Sisi wawili na muuzaji tusingeweza kuaminiana hivyo hata tukiapa. Hapo ndipo nimeona kanuni zikifanya kazi ya pesa, kazi ambayo unaweza kuigusa.

Mbona si nyota tano? Simu. Akishachukua kazi anapotea. Unapiga, resepshoni anasema yuko kortini, unatuma meseji, kimya, ukienda mwenyewe unapata kazi imeenda vizuri kabisa lakini hakuna mtu aliyekwambia, na wewe umekuwa hulali. Kanuni zao zinataka mteja aelezwe hali ya kazi yake, hiyo najua, lakini hakuna daftari la kuangalia hiyo kama lile la majina, kwa hivyo inaachwa iende. Nilimwambia usoni. Alikubali, akaanza kutuma meseji Ijumaa, mbili tatu hivi, halafu zikaisha.

Na ukikosewa vibaya, si mambo ya simu, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iko chini ya Mwanasheria Mkuu, hulipi kitu kuwasilisha malalamiko. Kesi nzito zinaenda kwa Mahakama ya Nidhamu ya mawakili, wanaweza kumsimamisha mtu mpaka miaka 5, kumfuta kabisa, fidia hadi milioni 5. Ila jueni msingoje mtu aje kukagua kabla, ni wewe uliyeumia uandike, uwe na risiti, uwe na barua, na usubiri. Mama mboga aliyelipa kwa mkono bila karatasi hapo ana shida kubwa, na ni hao ndio wengi wanaoliwa.

Mkienda bebeni kitambulisho, KRA pin, picha za pasipoti, na jina kamili la muuzaji, kwa sababu bila hilo hamtapita hata ile karatasi ya kwanza. Asubuhi mapema ni afadhali, kabla hajaenda kortini.